Maiki Moja

Gauni lilikuwa limeshikwa kwa pini arobaini na kitu, na kila Chiriku alipotaka kukaa mama yake alimkataza.

"Ukikaa tu, mgongo wote unafumuka. Simama, mwanangu. Kusimama hakujaua mtu."

Basi alisimama. Tangu saa nne asubuhi alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mapokezi cha studio, mikono ameiachanisha kidogo na mwili kama mtu anayepekuliwa mlangoni, na mama yake anamzunguka kwa magoti huku pini nyingine nne amezibana midomoni. Mama alikuwa fundi cherehani, na gauni hili alilishona kichwani miaka kumi kabla hajakigusa kitambaa. Saa tisa mpiga picha angekuja. Picha ya maharusi ndiyo ingekuwa kava ya albamu, na siku ya kutoka albamu ndiyo siku ya ndoa, Jumamosi ya wiki ijayo. Nani alipanga hivyo, Chiriku hakuwa na kumbukumbu. Alikuta tu imepangwa, na yeye mwenyewe yumo ndani.

Albamu ilikuwa na nyimbo kumi na mbili, na hata mmoja hawakuutunga wao. Miaka sita Chiriku na Zege walikuwa wameimba pamoja. Watu wamelia kwa nyimbo zao, wameoana, wameachana, wamerudiana, na kumbe maneno yote yalitoka kwa wengine: muuguzi mmoja wa zamu za asubuhi, mwalimu mstaafu, dereva wa lori, mama mmoja muuza vitambaa. Bosi wa studio, ambaye kwa akili hajambo, aliona wakati umefika wa kuwakusanya watunzi hao wote mahali pamoja na kuwataja. Albamu akaiita Za Wenzetu. Kilichotakiwa ni kila mtunzi aje asaini fomu ya ukurasa mmoja kwa kila wimbo, inayosema kwamba wimbo ni wake na waliouimba ni hawa wawili. Fomu kumi na moja zilikuwa zimekwisha kusainiwa. Iliyobaki ilikuwa ya wimbo wa saba, na bila fomu hiyo albamu haitoki.

Wimbo wa saba ndio wimbo wenyewe. Ndio uliowatoa vichochoroni ukawaweka midomoni mwa watu. Unaitwa "Sitaki Kuzoea".

"Nasikia yule karani wako ndiye anayekuja leo," mama alisema, pini zikicheza midomoni.

"Si wangu, mama. Ni mtunzi."

"Sawa. Asaini aende zake."

"Ndiyo hivyo."

"Maneno matamu nimeyaona mimi." Mama alichomoa pini moja akaizamisha chini ya kwapa la binti yake. "Baba yako alikuwa nayo gunia zima. Siku alipoondoka hakuacha hata neno moja mezani. Mwenzio Zege hajui kusema, na ndiyo maana nampenda. Asiyejua kusema atakudanganyaje?"

Hotuba hiyo Chiriku alikuwa ameizoea mpaka alijua mama atavuta pumzi wapi. Alitazama mbele, ukutani, palipotundikwa picha yao ya jukwaani: yeye na Zege wamesimama uso kwa uso, maiki moja katikati yao. Hiyo ilikuwa desturi yao tangu mwanzo, na haikutokana na mapenzi kama magazeti yalivyodai. Siku zile studio ilikuwa na maiki moja tu nzima. Nyingine zote zilikuwa zinakoroma. Baadaye zikaja nzuri, lakini watu walishazoea kuwaona hivyo, nao wakaendelea kutazamana hivyo hivyo mpaka nchi nzima ikaamua kwamba ni wachumba. Na nchi nzima ikishaamua jambo, wewe ni nani?

Siri ilikuwa moja, na walioijua walikuwa watano.

Miaka minne nyuma, siku ya kurekodi "Sitaki Kuzoea", Zege aliamka koo limevimba, sauti haitoki hata ya kuomba maji. Fundi mitambo akasema haidhuru, Chiriku aimbe sehemu yake, na mtunzi asimame mbele yake amwelekeze tu, sauti ya mwanamume itawekwa baadaye. Mtunzi alikuwa Karani. Hilo ndilo jina walilompa, kwa kuwa alikuwa karani wa idara ya maji, anazunguka mitaani kusoma mita, na nyimbo zake alikuwa akiziandika nyuma ya fomu zilizoharibika. Basi akasimama mbele ya Chiriku, shati lake la kazi lina alama ya wino mfukoni, wakaimba mara moja tu. Bosi alipita, akasikia, akauchukua wimbo ulivyo, jioni ukawa redioni. Zege alipopona wiki ya pili, kila kinyozi alikuwa anaupiga. Watu wakawa wanamsimamisha njiani na kumpa mkono. Wakasema sauti ile nzito imemiminwa kama zege. Jina likamganda. Maskini, hata jina alilonalo lilitoka kwenye koo la mwingine.

Na Chiriku na Karani walikuwa wanapendana. Hili hakulijua mtu ila mama, aliyelijua mapema na kulikatalia mapema. Chiriku alimwambia Karani asubiri kidogo, mambo yatulie. Mambo hayakutulia.

Mlango ulifunguliwa. Karani aliingia na bahasha mkononi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa bidii ya mtu anayeishi peke yake. Alikuwa amenenepa kidogo mashavuni. Alimsalimu mama kwanza, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Pole na kazi."

"Kazi njema hii," mama alisema bila kuinuka. "Unaiona mwenyewe."

Karani aliiona. Macho yake yalianza kwenye upindo wa gauni, yakapanda taratibu, yakafika usoni yakasita. Chiriku alitaka kushusha mikono, lakini pini hazikumruhusu.

"Habari za siku," Karani alisema.

"Nzuri."

Nzuri. Miaka minne ya kulia na mto, na alichokipata mdomoni ni hicho.

*

Chumba cha mitambo hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na mlango mzito wenye kioo kidogo cha kuchungulia mapokezi, na upande wa pili kioo kikubwa kilichotazama chumba cha kuimbia. Fundi alikuwa kwenye kiti chake chenye magurudumu. Zege alikuwa amekaa kwenye sofa, mtu mrefu wa mabega mapana ambaye akizungumza sauti hutoka nyembamba na ya adabu, mpaka wageni hudhani anawatania. Alimkaribisha Karani kwa mikono miwili, akampa kalamu yeye mwenyewe. Chiriku aliingia nyuma yao na gauni lake, akasimama kando ya mlango.

Karani aliisoma fomu yote. Wenzake kumi na mmoja walitia sahihi kabla hawajafika mstari wa tatu, lakini yeye alisoma mpaka chini kabisa, akarudi juu, akaweka kidole.

"Hapa pameandikwa waimbaji ni nyinyi wawili."

"Ndiyo," Fundi alisema.

"Si kweli."

Fundi alikohoa, akazungusha kiti.

"Kaka, hiyo ni fomu tu."

"Mimi kazi yangu ndiyo fomu tu. Nina miaka kumi na mbili nayo. Mita ikisoma hamsini siandiki arobaini, hata kama mwenye nyumba ni shangazi yangu."

"Unataka jina lako litajwe kwenye uimbaji?" Zege aliuliza. Aliuliza polepole, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesubiri kupigwa.

"Sitaki. Ningelitaka ningelidai zamani. Wewe sikuchukii, ndugu yangu, kwa kweli."

"Sasa unataka nini?"

"Nataka fomu iwe ya kweli. Ifuteni sauti yangu, uimbe wewe. Mkimaliza nitasaini hapa hapa, nitawatakia heri, na hamtaniona tena."

Zege alimtazama Fundi. Fundi alijikuna kisogo.

"Haifutiki hivyo. Waliimba kwenye maiki moja. Sauti ya huyu imeingia ndani ya sauti ya huyu. Nikimtoa yeye, na dada anatoka. Itabidi waimbe wote wawili, upya."

"Basi waimbe," Karani alisema.

"Chiriku?" Zege aligeuka kumtazama. "Unaweza?"

Kila mtu alikuwa anamngoja, na kupitia kioo kidogo cha mlangoni alimwona mama yake mapokezi, akikusanya vipande vya uzi sakafuni. Chiriku alisema ndiyo. Angesema nini tena? Miaka sita kila alipoulizwa kama anaweza, alisema ndiyo, na kila ndiyo ilikuwa inafunga mlango mmoja nyuma yake.

Zege alitoka kutafuta maji ya moto ya kulainisha koo. Fundi aliingia chumba cha kuimbia kupanga maiki, akaufunga mlango, wakamwona kupitia kioo akivuta nyaya bila kusikia lolote. Wakabaki wawili. Chiriku alikuwa bado amesimama. Karani, ambaye alikuwa na viti vitatu vya kuchagua, naye hakukaa.

"Kwa nini unanifanyia hivi?" Chiriku alimuuliza kwa sauti ndogo.

"Nakufanyia nini?"

"Unajua. Umekuja na fomu yako na ukweli wako, siku hii, nimevaa hili."

Karani aliitazama bahasha yake.

"Nikienda kunyoa, unaniimbia. Nikipita dukani, unaniimbia. Jirani yangu anafua nguo, anafungulia redio, unaniimbia mimi, Chiriku, kwa jinsi ulivyoimba siku ile. Halafu nasoma gazetini unaolewa na mtu mwingine. Miaka minne. Nimechoka, sikufichi. Nataka nikiusikia tena, nisikie umemwimbia yeye. Pengine hapo ndipo nitapona."

"Na mimi je?"

"Wewe unaolewa."

"Usiniseme hivyo."

"Nikusemeje? Uliniambia nisubiri kidogo. Nikasubiri. Kila nikisoma mita ya mtaa wenu natazama dirisha lenu juu, naona kitambaa kipya cha cherehani ya mama yako, basi, narudi. Hiyo kidogo yako ilikuwa kubwa mno."

Chiriku alihisi machozi yanapanda, akajikaza. Alimpenda. Alimpenda alivyosimama pale na uso wa mtu anayesahihisha hesabu. Alitaka kumwambia kwamba hajawahi kuuimba wimbo ule jukwaani bila kuangalia juu ya bega la Zege, mahali pasipo na mtu. Lakini kuna watu elfu walishapewa kadi. Kuna Zege, ambaye hajawahi kumkosea hata kwa jicho. Kuna mwanamke mapokezi ambaye aliachwa mara moja na hakuwahi kunyoosha mgongo tangu siku hiyo.

"Niambie nisisaini," Karani alisema. Alikuwa amesogea hatua moja. "Sema tu hivyo. Nikiichana hii, albamu inasimama, harusi inasogea, na sisi tutajua la kufanya. Lakini useme wewe. Mimi sitakusemea, na safari hii sisubiri."

Mdomo wa Chiriku ulifunguka. Kwenye kioo kidogo cha mlangoni ukatokea uso wa mama, ukachungulia, ukatabasamu, na vidole viwili vikamwonyesha: saa mbili zimebaki.

"Saini," Chiriku alisema.

Karani alirudi hatua ile moja.

*

Zege aliporudi, yeye na Chiriku waliingia chumba cha kuimbia, wakavaa hedifoni, wakasimama uso kwa uso. Kuta zilikuwa zimefunikwa sponji nyeusi inayomeza kila kitu, mpaka mtu akipumua anajisikia mwenyewe ndani ya kichwa chake. Ng'ambo ya kioo kikubwa Fundi aliinua kidole. Nyuma yake alisimama Karani, mikono mfukoni.

Muziki ulianza. Mwanamume ndiye anayeanza.

"Ukichelewa nitazoea, nikizoea nitanyamaza," Zege aliimba.

Alikuwa ameisukuma sauti chini kabisa, mahali ambapo miaka minne alikuwa akiisukuma kila jukwaa, shingo imemtoka mishipa. Ilikuwa sauti nzito. Ilikuwa karibu kabisa na ile. Chiriku alipofungua mdomo kujibu, muziki ulikatika.

Karani alikuwa ameinama kwenye maiki ya Fundi. Sauti yake ikaingia masikioni mwao wote wawili, na Chiriku akafumba macho kwa jinsi ilivyomgusa.

"Ndugu yangu, samahani. Unaniiga mimi. Ukiniiga, bado ni mimi."

Zege alifuta jasho. "Watu wanaijua hivyo."

"Watu hawamo humu. Imba ya kwako."

"Ya kwangu ni ndogo."

"Sijaandika iwe kubwa."

Zege alicheka kidogo kwa aibu. Alivua hedifoni, akazivaa tena, akalegeza mabega. Muziki ulianza upya. Na safari hii aliimba kwa ile sauti yake ya kuzungumzia, nyembamba, ya juu, iliyokuwa na mikwaruzo ya mtu asiyezoea kuitoa mbele za watu. Ukichelewa nitazoea. Alimtazama Chiriku machoni akaiimba kama mtu anayemwambia mtu. Hakukuwa na onyesho. Chiriku alielewa, palepale, katikati ya mstari, jambo ambalo kwa miaka minne hakuwa amejisumbua kulitazama: Zege anampenda kweli. Hampendi kwa ajili ya kava wala kwa ajili ya magazeti. Anampenda, na amekuwa akimpenda nyuma ya sauti ya kuazima, na leo ndiyo mara ya kwanza amepata nafasi ya kumwambia.

Hapo ndipo alipojisikia amebanwa kwa kweli. Kama Zege angekuwa mwongo, au mkali, au mtu wa majigambo, kungekuwa na pa kutokea. Mtu atapita wapi mbele ya wema?

Zamu yake ilifika. "Usinizoee, nipo njiani, mguu mmoja umeshafika."

Aliimba vizuri. Fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hakukosa pumzi, hakukosa neno, sauti ilitoka safi kama bakuli lililosuguliwa. Macho yake aliyaweka kwenye paji la uso la Zege, akayashika hapo kwa nguvu zote. Lakini kiitikio kilipofika, pale sauti mbili zinapopanda pamoja, macho yakamtoroka. Yaliruka juu ya bega la Zege yakaenda kwenye kioo. Ilikuwa sekunde moja, labda mbili. Karani alikuwa amegeuka, amewapa kisogo, anatazama ukuta.

Wimbo ukaisha. Fundi akabonyeza kitufe.

"Imeingia. Sirudii. Hii hata kwa dawa siipati tena."

Walipotoka, Karani alikuwa ameinama mezani. Alisaini kwa mwandiko wa ofisini, akaandika tarehe, akaipuliza sahihi ikauke wino, akaiweka fomu juu ya zile kumi na moja na kuzilinganisha pembe.

"Unaimba vizuri, ndugu yangu," alimwambia Zege. "Sikujua."

"Hata mimi."

Wakapeana mikono. Kwa Chiriku alisema "Hongera," bila jina, na akatoka. Mlango mzito ulijifunga taratibu nyuma yake kwa pumzi ndefu, kama kawaida yake. Fundi, ambaye hakuwa mjinga, alikumbuka ghafla kwamba hajanywa chai.

*

"Kaa," Zege alisema.

"Siwezi. Gauni."

"Basi nami nitasimama."

Alisimama mbele yake, umbali ule ule wa maiki. Chiriku aliangalia vifungo vya shati lake.

"Mimi leo nimekuimbia wewe," Zege alisema. "Wewe umekiimbia kioo."

Chiriku angekataa, Zege angemwamini, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Tangu lini unajua?" aliuliza.

"Tangu nilipopona koo, nikausikia ule wimbo mara ya kwanza. Nilikuwa kwenye saluni, wananinyoa. Nikajisemea, huyu msichana hajawahi kuniimbia hivi, na hataniimbia. Halafu watu wakaanza kunipa mikono. Nikaona nisubiri, labda nikiigiza vizuri kitu kitageuka." Alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la mtu aliyechoka. "Nimeigiza vizuri, lakini, au siyo?"

"Zege, nisamehe."

"Usilie, utaharibu rangi ya uso, mama yako atanikaba mimi." Alitoa kitambaa mfukoni, akampa. "Sikiliza. Nimeshafikiri. Nitatoka pale nje sasa hivi, nitamwambia mama yako na yule mpiga picha kwamba mimi ndiye nimebadili mawazo. Nimepata mwingine. Wanitukane wiki mbili, watachoka. Wewe watakuonea huruma, mama yako atakukumbatia, na baadaye kidogo kidogo unajua mwenyewe utakwenda wapi. Hutasema neno. Nitayasema mimi yote."

Ulikuwa mlango. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Chiriku aliona mlango uliofunguliwa wazi, na hewa inaingia. Alichotakiwa kufanya ni kusimama tu, kama alivyosimama tangu asubuhi, na mtu mwingine angemfungulia, angembebea lawama, angempitisha. Alijua atakubali. Alisikia hata neno lenyewe, ndiyo, likipanda kooni kwa mazoea yake.

Alimtazama Zege. Mtu huyu alikuwa amebeba sauti isiyo yake miaka minne, ameitua leo, haijapita hata saa moja, na tayari anainama abebe uongo mwingine.

"Hapana," alisema.

"Chiriku, ni rahisi hivyo."

"Rahisi kwangu. Utaambiwa umeniacha madhabahuni. Hutaimba tena popote. Na mimi nitakwenda kwa yule nikiwa nimeachwa, siyo nikiwa nimekuja." Aliipangusa pua yake kwa kitambaa, akasahau kabisa habari ya rangi. "Wewe ni mtu mwema, Zege. Nimekukosea sana. Sikupendi kama unavyotaka nikupende, na nilijua, na nilinyamaza kwa sababu kunyamaza hakukuniuma mimi. Hayo ndiyo yaliyotokea."

Zege alishusha pumzi.

"Inauma," alisema.

"Najua."

"Hapana, hujui. Lakini asante kwa kuniambia uso kwa uso."

Alimfungulia mlango mzito, akaushika usimgonge, akabaki ndani.

Mapokezi, mpiga picha alikuwa amefika mapema na alikuwa anafungua mwavuli wake mweupe wa taa. Mama alikuwa dirishani. Chini, ng'ambo ya barabara, mtu mwenye shati jeupe alikuwa anakwenda bila kugeuka, na alishafika karibu na kona. Chiriku alimwona. Alijua akikimbia sasa hivi angemfikia, na alijua vilevile kwamba akikimbia bila kusema angekuwa ametoroka tu, na mtu aliyetoroka hurudishwa. Alimwacha akakata kona. Huenda asimpate tena. Hilo nalo alilijua, na lilimchoma kama sindano.

"Haya, mwanangu, uso huo vipi?" Mama alikuja mbio na kitambaa. "Umelia? Sasa hivi tu nimekuacha mzima. Simama hapa kwenye mwanga. Zege yuko wapi?"

"Mama."

"Geuka kidogo."

"Mama, nitazame."

Mama akamtazama.

"Siolewi na Zege. Hajanikosea, wala hajaniacha. Mimi ndiye nimekataa. Nampenda yule aliyetoka hapa sasa hivi, na yeye hajui kama nimesema, na sijui kama atanitaka. Hata asiponitaka, siolewi."

Mpiga picha aliushusha mwavuli wake. Mama hakupiga kelele. Alirudi nyuma mpaka kiti kikamgusa nyuma ya magoti, akakaa, mwanamke ambaye tangu asubuhi hakuwa amekaa. Alimtazama binti yake jinsi alivyokuwa akitazama nguo iliyorudishwa na mteja, akitafuta mshono ulioachia uko wapi.

"Nani kakuandikia maneno hayo?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna, mama," Chiriku alisema. "Ndiyo maana yametoka vibaya."